Jumamosi, Barabara ya Kumi na Mbili

Jumamosi Ngamiani hatuamshwi na saa.
Hutuamsha tarumbeta ya Kihiyo, fundi bomba,
anayefanya mazoezi bafuni
kwa kuwa mkewe amesema sebuleni ni pa watu.
Noti ya tatu humshinda kila wiki.
Mtaa mzima tunaijua, tunaisubiri,
ikimtoroka tunacheka ndani ya mashuka,
ndipo tunaamka.

Mimi ni fundi baiskeli. Siku hiyo sifungui
ila kwa wanaokwenda msafara.
Nawajazia upepo bure, nakaza breki,
namtazama Zulekha Semboja, keshia wa benki,
alivyobana buibui kwa kibanio cha nguo
mnyororo usimle pindo.
Watu kumi na tisa, baiskeli kumi na saba.
Tunapita Chumbageni kengele zikilia bila sababu,
na mbwa mmoja wa Raskazone anatusindikiza
hadi anapokumbuka kwao.

Watakwambia Tanga imelala.
Haya. Lakini aliyelala huota,
na ndoto zenyewe ndizo hizi:
kwenye ghala la zamani la mkonge, nyuma ya reli,
vijana wamesugua ukuta siku tatu
wamchore silikanti, yule samaki wa kale,
nao wamemvalisha raba.
Mtoto wa Mama Hoza alipewa rangi moja, kijani,
akapaka pale mkono wake ulipofika.
Ndiyo maana samaki wetu ni kijani tumboni tu.

Ndani kuna mchezo wa kuigiza.
Aliyepangiwa kuwa mwenye nyumba hakuja,
ana msiba Pangani.
Akasukumwa Mwanahija, muuza bajia,
asome maneno kwenye karatasi.
Hakusoma. Alidai kodi kama anavyodaiwa yeye:
miezi sita mbele, na hela ya taa, na hela ya choo,
na nani kakuruhusu kupigilia msumari huo?
Mpaka mwenye nyumba wake halisi, benchi la tatu,
akaanza kukohoa.
Tulipiga makofi bajia zikapoa.

Halafu picha.
Zimeanikwa kwenye kamba ya katani,
picha za zamani, mtu kaziokota
katika kabati la kampuni iliyokwisha kufa.
Nilizipita kama upitavyo nguo za jirani,
hutaki uonekane unachungulia.
Ya nane ikanisimamisha.
Wanawake watano mbele ya korona,
nyuzi nyeupe zimewafika viwikoni,
na wa pembeni, aliyefumba jicho moja kwa jua,
ana kidevu changu.

Chini imeandikwa: Vibarua. Mwaka haujulikani.

Mwaka naujua.
Tumbo lile ni mimi.

Sikulia, fundi halii mbele ya wateja wake.
Nilimwomba Zulekha kalamu, keshia hakosi kalamu,
nikaandika kwa mwandiko wangu wa risiti:
Mwanamkuu binti Mhina. Aliimba vibaya, akaimba kila siku.
Hakuna aliyenikataza.
Nyuma yangu mama mmoja akasema, hebu nipe na mimi,
yule wa kati ni shangazi.
Akaja mwingine, anabishana na dadake
kama ni Mwanasiti au ni pacha wake.
Jina la nne wino ukakata,
tukalimalizia kwa rangi ya kijani ya yule mtoto.

Jioni Kihiyo alipiga mbele za watu
na noti ya tatu ikatoka, safi kabisa.
Tulitazamana. Hatukujua tucheke wapi.

Wa tano hana jina bado.
Ana kovu chini ya sikio, ndala zake si za jozi moja,
na kati yao wote ni yeye peke yake anayecheka.
Kama kwenu kuna mtu wa kovu hilo,
njoo Jumamosi.
Ukipotea njia, fuata tarumbeta.
Kalamu nimenunua, ninayo mfukoni.